Kutoka Sentensi hadi Jumuiya: Historia ya Kuwafundisha Wahandisi Watafiti Kuwasilisha Utafiti kwa Kiingereza, 1908–1997

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu katika uhandisi anaporudishiwa rasimu ya tasnifu yake, mara nyingi hukuta pembeni mwa ukurasa agizo fupi: Kiingereza kirekebishwe. Agizo hilo huchukuliwa kuwa linajitosheleza. Linachukulia kwamba utafiti umekwisha kufanyika na uko salama, kwamba lugha ni vazi tu linalovishwa matokeo, na kwamba kasoro yoyote ya vazi hilo ni ya mwanafunzi peke yake. Agizo lenyewe lina maneno mawili tu, lakini athari zake si ndogo. Huamua nani apelekwe kwa mwalimu wa lugha, mwalimu huyo afundishe nini, na msimamizi wa tasnifu ajione ana wajibu gani katika suala hilo.

Insha hii inachunguza historia ya mafunzo yaliyobuniwa kwa ajili ya hali hiyo, yaani mafunzo ya kuwawezesha wahandisi, hususani wa shahada za juu, kuwasilisha utafiti wao kwa Kiingereza. Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanza mwaka 1908 na kuishia 1997. Hoja kuu ni kwamba kila mara walimu walipolichunguza kwa makini tatizo lililoitwa la sarufi, waligundua kwamba sehemu yake kubwa ilihusu jinsi maarifa ya kihandisi yanavyojengwa, yanavyotetewa na yanavyokubaliwa na wenye taaluma. Ugunduzi huo ulihamisha kitovu cha ufundishaji kutoka kwenye sentensi hadi kwenye matini, na kutoka kwenye matini hadi kwenye jumuiya ya wasomaji. Hoja ya pili ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa hayo ilizaliwa katika madarasa ya wanafunzi ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya kwanza: Tripoli, Santiago, Khartoum, Seattle na Birmingham. Kwa sababu hiyo, historia hii inaihusu Afrika Mashariki kwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa, na inaigusa pia nafasi ya Kiswahili katika sayansi.

2.0 Wenye Lugha Nao Walifundishwa

Historia hii ianzie mahali ambapo hoja ya upungufu wa Kiingereza haina nguvu, yaani miongoni mwa wahandisi ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama. Nchini Marekani, Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ili mapato yake yagharimie vyuo vya kilimo na sanaa za ufundi. Vyuo hivyo viliongeza sana idadi ya wahandisi waliosoma darasani badala ya kujifunza kwa kufuata mafundi kazini. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa limejitokeza lalamiko kwamba mhandisi aliyehitimu aliweza kukokotoa lakini hakuweza kuandika ripoti inayoeleweka.

Lalamiko hilo lilizaa vitabu. Mwaka 1908 T. A. Rickard, mhandisi wa migodi aliyekuwa pia mhariri wa majarida ya fani hiyo, alichapisha mwongozo wa uandishi wa kiufundi. Mwaka 1911 Samuel Chandler Earle, aliyefundisha katika Chuo cha Tufts, alitoa kitabu kuhusu nadharia na utendaji wa uandishi huo, ambacho kilitilia mkazo mpangilio wa hoja na mahitaji ya wasomaji wa aina mbalimbali. Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiingereza.

Ushahidi huu wa awali ni wa msingi. Unaonyesha kwamba kuzaliwa ndani ya lugha hakumpi mtu uwezo wa kuwasilisha utafiti wa kihandisi kwa lugha hiyo. Mtaalamu anayesema kwamba mwanafunzi kutoka Dodoma au Kisumu anashindwa kuandika makala kwa sababu tu Kiingereza si chake, hana budi kueleza kwa nini mwanafunzi wa Massachusetts, ambaye Kiingereza ni chake, alihitaji kitabu cha Earle.

3.0 Kupanda kwa Kiingereza

Wakati Rickard na Earle wakiandika, Kiingereza hakikuwa lugha pekee ya sayansi. Kijerumani na Kifaransa vilikuwa washindani wake, na katika kemia na matawi kadhaa ya uhandisi Kijerumani kilikuwa na hadhi ya juu sana. Hali hiyo ilibadilishwa na siasa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Baraza la Kimataifa la Utafiti, lililoundwa mwaka 1919, liliwatenga wanasayansi wa Ujerumani na washirika wake hadi mwaka 1926. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wanazi uliwafukuza wasomi wengi, na wengi wao wakahamia Marekani na Uingereza. Baada ya mwaka 1945 Marekani ikawa kitovu cha fedha za utafiti. Kurushwa kwa Sputnik mwaka 1957 kulithibitisha uzito wa Kirusi, lakini Wamarekani walikabiliana na hali hiyo zaidi kwa kutafsiri maandishi ya Kirusi kwa Kiingereza kuliko kwa kuwafanya wahandisi wao wajifunze Kirusi.

Nchi zilizopata uhuru katika kipindi hicho zilijenga vyuo vya uhandisi katika mazingira hayo. Katika Afrika Mashariki, Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kilipogeuka kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, mgawanyo wa taaluma uliiweka tiba Makerere, sheria Dar es Salaam na uhandisi Nairobi. Tanzania ilipata Kitivo chake cha Uhandisi mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada mkubwa wa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani.

Jambo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Kitivo kilichojengwa kwa msaada wa Wajerumani, katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa na lugha ya kufundishia shule za msingi, kilifundisha kwa Kiingereza. Urithi wa ukoloni wa Kiingereza unaeleza sehemu ya uamuzi huo, kwa kuwa shule za sekondari na vyuo vilikwisha kujengwa juu ya lugha hiyo. Lakini kufikia mwaka 1973 hata mfadhili ambaye lugha yake iliwahi kuwa miongoni mwa lugha kuu za uhandisi hakuwa na haja ya kushindana. Maktaba ya utafiti ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye Kiingereza.

4.0 Kipindi cha Sentensi

Jibu la kwanza la walimu wa lugha lilikuwa kuhesabu. Mwaka 1962 C. L. Barber alichapisha uchambuzi wa sifa zinazopimika za nathari ya kisayansi ya wakati wake. Aliyachunguza maandishi machache ya sayansi na uhandisi, akaorodhesha aina za vitenzi, njeo na vishazi vilivyotumika. Alionyesha kwamba njeo ya wakati uliopo wa kawaida ilitawala, kauli ya kutendwa ilijitokeza kwa wingi, na njeo endelevu, ambazo vitabu vya shule vya enzi hizo vilizitumia muda mwingi kuzifundisha, zilikuwa nadra sana.

Matokeo hayo yalikuwa na manufaa ya papo hapo. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye saa chache za Kiingereza kwa juma hakuwa na sababu ya kuzimalizia kwenye miundo ambayo hangekutana nayo. Mwaka 1965 A. J. Herbert alitoa kitabu kuhusu muundo wa Kiingereza cha kiufundi. Kilionyesha kwamba kikwazo kikubwa hakikuwa istilahi zenyewe, kwa kuwa hizo mwanafunzi huzipata kwa mwalimu wa somo, bali maneno ya kati ambayo si ya kila siku wala si istilahi kamili, yaani yale yanayobeba uhusiano wa sababu, kiasi, mabadiliko na kulinganisha. Mwaka 1969 J. R. Ewer na G. Latorre wa Chuo Kikuu cha Chile, Santiago, walichapisha kozi ya Kiingereza cha msingi cha kisayansi iliyofuata mantiki hiyohiyo. Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha John Swales kuhusu kuandika Kiingereza cha kisayansi, kilichotokana na kazi yake ya kufundisha katika Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Libya mjini Tripoli.

Isisahauliwe Libya ilikuwa wapi wakati huo. Mafuta yaligunduliwa kwa wingi mwaka 1959 na yakaanza kuuzwa nje mwaka 1961. Taifa lililokuwa maskini lilihitaji wahandisi kwa haraka, na wahandisi hao walikuwa wazungumzaji wa Kiarabu. Kitabu cha mwaka 1971 hakikuundwa London na kupelekwa Tripoli. Kiliundwa kwa ajili ya wanafunzi wa Tripoli, ndipo kikachapishwa Uingereza na kusambazwa kwingineko. Jina la mwandishi liko kwenye jalada. Majina ya wanafunzi ambao kozi ilijengwa kwa ajili yao hayapo.

Udhaifu wa kipindi hiki ulitokana na nguvu yake. Takwimu humwonyesha mwanafunzi ni nini hutumika, lakini hazimwambii kwa nini. Aliyefundishwa kwamba kauli ya kutendwa ni ya kawaida katika sayansi ataitumia kila mahali. Mwaka 1981 Elaine Tarone na wenzake, akiwemo mwanafizikia wa nyota Vincent Icke, waliyachambua makala mawili ya fizikia ya nyota. Waligundua kwamba waandishi walitumia kauli ya kutendwa walipoeleza utaratibu uliozoeleka katika fani, lakini walitumia kauli ya kutenda yenye kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wingi walipoeleza uamuzi wao wenyewe wa kipekee. Kwa maneno mengine, uchaguzi wa kauli ulimwambia msomaji ni hatua gani inabebwa na mazoea ya wote na ni ipi waandishi wanawajibika kuitetea. Mwanafunzi anayeweka kila kitenzi katika kauli ya kutendwa hafanyi kosa lolote la sarufi. Hata hivyo, anauficha mchango wake, na mtahini anabaki akiuliza jipya liko wapi.

5.0 Kipindi cha Matini: Seattle

Dalili za mabadiliko zilianza kuonekana Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Huko Louis Trimble, aliyefundisha ndani ya Chuo cha Uhandisi, pamoja na John Lackstrom na Larry Selinker, walishughulika na wanafunzi wa kigeni wa sayansi na uhandisi waliokuwa wamekwisha kujifunza sarufi kwa miaka mingi. Katika maandishi yao ya mwaka 1970 na 1973 walidai kwamba katika matini za kiufundi uchaguzi wa njeo na wa vibainishi mara nyingi hauongozwi na kanuni za sentensi, bali na makusudi ya kibalagha ya aya nzima.

Mfano wao wa njeo unaeleza vizuri. Mwandishi wa Kiingereza anaporipoti matokeo ya mtafiti mwingine anaweza kutumia wakati uliopita, wakati timilifu au wakati uliopo, na yote matatu ni sahihi kisarufi. Tofauti iko katika dai. Wakati uliopita hulifunga tokeo ndani ya jaribio moja. Wakati timilifu hulipanua kidogo. Wakati uliopo hulifanya kuwa ukweli wa jumla. Vivyo hivyo, maelezo ya mtambo huwekwa katika wakati uliopita ikiwa mtambo huo hautumiki tena, na katika wakati uliopo ikiwa bado unatumika. Hakuna kanuni ya shuleni kuhusu muda wa tendo itakayomfikisha mwanafunzi kwenye uamuzi huo. Anahitaji kujua anadai nini.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili suala hili lina sura yake. Kiswahili kina alama za -li-, -me-, -na- na hu-, na mwanafunzi hushawishika kuzioanisha moja kwa moja na njeo za Kiingereza. Lakini -me- hubeba pia hali inayoendelea, kama katika amekaa, amevaa na amelala, ambapo Kiingereza hutumia wakati uliopo. Katika kauli, Kiswahili hutofautisha kwa kiambishi tu kati ya zege lililopasuliwa na zege lililopasuka. La kwanza lina mtendaji aliyelipasua, pengine katika jaribio la maabara, na la pili lilipata ufa bila mtendaji kutajwa wala kudokezwa. Tofauti hiyo ni ya kihandisi, kwa kuwa inatenganisha utaratibu wa jaribio na tokeo lake. Kuhusu vibainishi, Kiswahili hakina vijineno vya aina hiyo, bali huonyesha kujulikana kwa nomino kwa njia nyingine, kama vile vioneshi na viambishi vya mtendwa. Hivyo mzungumzaji wa Kiswahili haji darasani akiwa hana mfumo wa tofauti za kibalagha. Anakuja na mfumo tofauti, wenye mipaka isiyolingana na ile ya Kiingereza. Mwalimu asiyeujua mfumo huo ataona makosa mahali ambapo kuna uhamishaji wenye mantiki.

6.0 Meza ya Watu Watatu: Birmingham

Ikiwa uchaguzi wa lugha unategemea dai la kihandisi, basi mwalimu wa lugha peke yake hatoshi. Hitimisho hilo lilifanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Birmingham, ambako Tim Johns na Tony Dudley-Evans waliripoti mwaka 1980 jaribio la kufundisha kwa ushirikiano. Walengwa walikuwa wanafunzi wa shahada za juu kutoka nje ya Uingereza katika idara mbili, moja ya uchukuzi na nyingine ya biolojia ya mimea.

Utaratibu ulikuwa rahisi kuueleza ingawa ulikuwa mgumu kuuendesha. Mhadhara wa mwalimu wa somo ulirekodiwa. Mwalimu wa lugha aliusikiliza na kuandaa maswali kuhusu hoja zake kuu na lugha iliyozibeba. Kisha wanafunzi, mwalimu wa somo na mwalimu wa lugha walikutana katika kipindi kimoja. Palipotokea kutoelewana, ilibainika kama chanzo kilikuwa dhana, lugha au namna mhadhara ulivyotolewa. Namna hiyohiyo ilitumika kuchambua maswali ya mitihani na majibu yake.

Thamani kubwa ya mpango huu ilikuwa kugawana wajibu. Mwanafunzi alijua anachotarajiwa kueleza, mwalimu wa lugha aliona jinsi fani inavyofikiri, na mwalimu wa somo alipata nafasi ya kuona mahali ambapo maelezo yake mwenyewe yaliwapoteza wasikilizaji. Hilo la tatu ndilo ambalo mfumo wa kumpeleka mwanafunzi kwenye kitengo cha lugha hauwezi kulitoa, kwa kuwa humwondoa mwalimu wa somo katika meza ya mazungumzo. Gharama ya mpango nayo haikuwa ndogo. Ulihitaji madarasa madogo, walimu wa uhandisi walio tayari kusikilizwa na kuulizwa, na muda ambao vyuo vyenye wanafunzi wengi na walimu wachache havikuwa nao.

7.0 Kipindi cha Jumuiya: Khartoum, Aston na Michigan

Baada ya Tripoli na kipindi kifupi Leeds, Swales alifanya kazi Chuo Kikuu cha Khartoum kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, kisha Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham. Mwaka 1981 alichapisha uchambuzi wa tangulizi 48 za makala ya kitaaluma, 16 kutoka katika kila moja ya makundi matatu ya taaluma. Hakuuliza tena ni njeo gani imetumika. Aliuliza kila sehemu ya utangulizi inafanya kazi gani, na akabainisha hatua nne: kuitambulisha mada, kufupisha tafiti zilizotangulia, kuandaa nafasi ya utafiti wa sasa kwa kuonyesha pengo, na kuutambulisha utafiti wenyewe.

Mwaka 1985 alihamia Chuo Kikuu cha Michigan kuongoza Taasisi ya Lugha ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 1941 na Charles Fries. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 hatua zilipunguzwa hadi tatu, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuitenganisha mada na mapitio ya tafiti zake. Hatua hizo zilielezwa kwa sitiari ya kiikolojia: mtafiti huonyesha eneo, hutafuta ndani yake mahali pasipokaliwa, kisha huingia na kupakalia. Mwaka 1994, pamoja na Christine Feak, alitoa kitabu cha kiada cha uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa shahada za juu.

Kiini cha kipindi hiki ni dhana ya jumuiya. Mwanafunzi wa shahada ya juu yuko katika hali isiyo ya kawaida, kwani humwandikia msomaji anayejua zaidi yake, na bado humpasa aonyeshe kwamba analo la kumweleza msomaji huyo. Darasa la sentensi halikuweza kumsaidia katika hilo. Darasa la hatua za kibalagha liliweza, kwa sababu lilimwonyesha kwamba utangulizi si muhtasari wa anachokijua bali ni ombi la nafasi katika mjadala unaoendelea. Mhandisi aliyepima udongo wa barabara kwa miaka miwili akaanza tasnifu yake kwa kueleza kwa kurasa kumi udongo ni nini, hakosei Kiingereza. Hajalitambua zamu lake la kusema katika mjadala huo.

Hata hivyo, mfumo huu una hatari zake. Kwanza, hugeuzwa kwa urahisi kuwa fomu ya kujazwa, na mwanafunzi akatangaza pengo kwa sababu fomu inadai pengo. Pili, unatokana na maandishi yaliyochapishwa kwa Kiingereza katika jumuiya kubwa zenye ushindani mkali wa nafasi. Mwaka 1997 Ummul Ahmad alichapisha uchunguzi wa tangulizi za makala ya sayansi na teknolojia yaliyoandikwa kwa Kimalei, akaonyesha kwamba hatua ya kutangaza pengo mara nyingi haikuwepo. Aliihusisha hali hiyo na jumuiya ya utafiti iliyokuwa ndiyo kwanza inachipukia. Katika jumuiya kama hiyo watafiti ni wachache na maeneo yasiyochunguzwa ni mengi, hivyo haja ya kumkosoa mwenzio ili upate pa kukaa ni ndogo.

8.0 Dar es Salaam: Swali Lililoulizwa Mahali Pengine

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Khartoum, Seattle na Birmingham zilikuwa katikati ya mabadiliko yaliyoelezwa hapo juu. Lakini mjadala wa kitaifa ulikuwa juu ya jambo lililotangulia hilo, yaani lugha ya kufundishia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti yao kuhusu hali ya Kiingereza nchini, iliyoonyesha kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingetarajiwa kuanzia.

Takwimu hiyo ilikuwa nzito mno, na uzito wake uliathiri namna tatizo lilivyofikiriwa. Mfumo mzima ulipoonekana kuyumba, ilikuwa kawaida mafunzo ya lugha vyuoni yaelekezwe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika kusikiliza mihadhara, kuandika madondoo na kusoma kwa ufahamu. Hayo yalihitajika. Hata hivyo, mwelekeo huo ulijengwa juu ya dhana kwamba stadi zikishapatikana mwanzoni zinamtosha mwanafunzi hadi uzamivu. Historia iliyofuatiliwa katika insha hii inaikanusha dhana hiyo. Kuandika dai jipya mbele ya wenye taaluma ni kazi tofauti na kuelewa mhadhara, na inapaswa kufundishwa wakati mtafiti anaifanya, akiwa na data zake mkononi na msimamizi wake karibu.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi ya ujenzi wa lugha ya sayansi iliendelea katika taasisi nyingine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ukiilinganisha na historia ya Kiingereza cha kiufundi, inajulikana ni hatua ya namna gani. Ni hatua ya neno. Herbert alikwisha kuonyesha mwaka 1965 kwamba istilahi si mzigo mkuu wa matini ya kiufundi. Seattle ilionyesha kwamba dai hubebwa na aya. Swales alionyesha kwamba aya hupata maana ndani ya utanzu unaotambuliwa na jumuiya. Istilahi za Kiswahili zimetungwa kwa bidii, ilhali tanzu ambazo zingezitumia, yaani makala ya utafiti wa kihandisi, ripoti ya maabara na tasnifu ya uhandisi, hazijapata waandishi na wasomaji wa kuzikuza. Neno lisilo na matini hubaki kamusini.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mafunzo ya kuwasilisha utafiti wa kihandisi kwa Kiingereza yalipita vipindi vitatu: cha sentensi, cha matini na cha jumuiya. Mabadiliko hayakuletwa na nadharia peke yake. Yalilazimishwa na wanafunzi ambao, baada ya kuimudu sarufi waliyofundishwa, bado hawakuweza kuonyesha mchango wao ulikuwa upi. Aidha, imebainika kwamba wazungumzaji wa Kiingereza nao walihitaji mafunzo hayo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba hatua muhimu za ujuzi huu zilifikiwa mbele ya wanafunzi Waarabu, Waafrika, Walatini na Waasia.

Yapo matokeo mawili yanayofuata. La kwanza linahusu usimamizi wa tasnifu. Ikiwa njeo, kauli na mpangilio wa utangulizi hubeba dai la utafiti, basi kuvirekebisha ni sehemu ya kazi ya kitaaluma ya msimamizi, na mwalimu wa lugha ni mshirika wake. La pili linahusu Kiswahili. Uzoefu wa Kimalei unadokeza kwamba lugha inayoingia katika sayansi haina sharti la kuziiga tanzu za Kiingereza hatua kwa hatua, kwa kuwa hali ya jumuiya yake inaweza kudai mpangilio mwingine. Lakini mpangilio huo hautajulikana kwa kutunga istilahi pekee. Utajulikana pale wahandisi wa Kiswahili watakapoanza kuandikiana utafiti wao, na walimu wa lugha wakakaa nao mezani kusoma wanachokiandika.